Kutoka Syokimau Hadi Hori la Kilifi: Vijana Wanne wa Nairobi na Kilomita Tano za Maji ya Chumvi

Simulizi hii nimeiandika nyumbani Nairobi baada ya kurejea, kwa kuunganisha daftari la matumizi nililokabidhiwa nilitunze na picha zilizomo simuni, ambazo angalau zina saa. Mimi si mwogeleaji. Nilichukuliwa kuwa mtunza fedha na mtu mzima wa ziada, kwa kuwa mpwa wangu mwenye umri wa miaka 16 alikuwa miongoni mwa vijana wanne ambao kocha wao alitaka waogelee kilomita tano baharini, bila ukuta wa kugeuzia wala kamba ya kushikilia.

Wazazi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini safari yote hiyo. Nairobi ina mabwawa ya kuogelea, likiwamo lile la mita 50 la Kasarani, katika uwanja uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka wa 1987, lakini haina maji ya wazi ambayo mtu mwenye akili timamu angemruhusu mtoto ayaingie. Naivasha ina viboko, Ziwa Viktoria lina mamba na kichocho, na Magadi ni magadi. Anayetaka kuogelea mwendo mrefu hana budi kuteremka pwani, na kuteremka pwani katika likizo ya Desemba ni jambo la kupangwa mapema.

Jumatano: Syokimau hadi Miritini

Treni ya Mombasa ya saa mbili asubuhi, inayoondoka Syokimau, ndiyo inayosimama katika vituo vya njiani, na ndiyo tuliyopanda, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kwa kila mtu. Kocha alituagiza tuwe kituoni saa kumi na mbili u nusu, nami nikaona anatia chumvi, hadi tulipofika kwenye ukaguzi wa mizigo. Mizigo hupangwa mstari, mbwa huinusa, kisha hupita kwenye mashine, na kwa abiria wa kawaida shughuli hiyo haichukui muda. Sisi tulikuwa na maboya ya rangi ya machungwa, makopo ya mafuta ya mgando, na kilo mbili za glukosi ya unga ambazo mtu fulani, kwa kupunguza uzito, alikuwa amezitoa kwenye pakiti zake na kuzitia katika mifuko ya plastiki isiyo na maandishi. Askari aliuinua mfuko mmoja kwenye mwanga, akamwita mkubwa wake, mkubwa wake akamtazama kocha, na kocha akachovya kidole akalamba, akamwambia, "Afande, ni sukari ya watoto, onja." Afande hakuonja, lakini alicheka, na tukapita zikiwa zimebaki dakika chache. Kwa atakayesafiri na vyakula vya michezo, ushauri wangu ni kwamba aviache katika pakiti za dukani. Tulibeba pia nakala za vyeti vya kuzaliwa na barua za idhini za wazazi, zote zikiwa katika faili moja juu ya begi.

Hadi Emali watoto walilala. Walipoamka, kocha aligeuza behewa kuwa darasa, na hata abiria wa kiti cha pili, mama mmoja aliyekuwa akienda Voi, alifunga redio yake akasikiliza. Kilomita tano katika bwawa la mita 50, alisema kocha, ni urefu wa bwawa mara 100, na kila unapogeuka unausukuma ukuta kwa miguu, unateleza bure, unavuta pumzi, na misuli ya mabega inapumzika kidogo. Baharini mapumziko hayo hayapo. Tena bwawani kuna mstari mweusi sakafuni unaokuonyesha njia, ilhali katika hori, yaani mkono wa bahari ulioingia bara, unaona kijani kibichi tu hadi uinue macho mwenyewe.

Mvulana wa Buruburu, ambaye kwa kasi ya bwawani huwaacha wenzake mbali, alitaka kujua kama kuna Mwafrika aliyewahi kufanya la maana katika mchezo huu. Kocha alimtajia Oussama Mellouli wa Tunisia, ambaye katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012 alipata shaba katika mita 1,500 za bwawani, kisha siku chache baadaye akashinda dhahabu ya kilomita 10 za maji ya wazi. Akamtajia na Natalie du Toit wa Afrika Kusini, aliyepoteza mguu wa kushoto katika ajali, na ambaye mwaka wa 2008 huko Beijing, mbio hizo za kilomita 10 zilipoingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, alimaliza wa 16 dhidi ya wanawake wenye miguu miwili. Yule mama wa Voi aliguna, "Mguu mmoja! Na mimi naogopa feri ya Likoni."

Tsavo tuliwaona tembo wekundu kwa udongo, kama kila mtu anavyowaona. Miritini, kituo cha mwisho upande wa Mombasa, tulifika baada ya saa nane mchana. Kutoka hapo matatu ya kwenda mjini na nyingine ya kwenda Kilifi zilitugharimu jumla ya shilingi 350 kwa kila kichwa, lakini barabara kupitia Mtwapa inapanuliwa, na mwendo wa kilomita takriban 60 kutoka Mombasa ulitumeza jioni nzima kwa foleni, vumbi na vijiko vya kuchimbia. Atakayefika kwa treni ya alasiri ajue ataingia Kilifi usiku wa manane, na ni heri alale Mombasa.

Nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeilipia amana ilikuwa imempa mtu mwingine vyumba vyetu. Sitaitaja. Tulisimama na mabegi yetu karibu na kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akikaanga viazi karai, naye, kabla hatujamwomba lolote, aliwapa watoto viazi na ukwaju, akapiga simu mbili, akatuambia kwamba dada yake ana vyumba vya nyuma ambavyo wapangaji wametoka. Tulilipa shilingi 700 kwa kila mtu kwa usiku mmoja, vyandarua vikiwamo, na viazi alikataa kulipwa. "Wageni wakifika na njaa ni wangu," alisema, "wakishashiba ndio wateja."

Alhamisi: kusoma maji

Chai ya asubuhi ilikuwa ya mahamri na mbaazi za nazi, na nilimwona kocha akihesabu ni mahamri mangapi mvulana mdogo wa Kahawa West, mwenye miaka 14, alikuwa ameyameza. Kisha tuliteremka hadi penye vyombo kumtafuta nahodha ambaye dada wa mama wa viazi alikuwa ametuelekeza kwake. Alikuwa mzee mwembamba, anayezungumza polepole, mwenye boti ya mashine na mpwa wake mwenye mtumbwi. Watoto walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mmoja mmoja, kisha akawatazama mabega badala ya nyuso.

Makubaliano yalichukua muda. Boti kwa asubuhi moja ilikuwa shilingi 7,000 pamoja na mafuta, na mtumbwi shilingi 1,500. Kocha alitaka vyombo viwili kwa sababu waogeleaji wanne hawawezi kwenda mwendo mmoja kwa kilomita tano, na boti moja ikibaki na wa mbele, wa nyuma hana mtu. Mimi kama mtunza fedha nilijaribu kupunguza bei ya mtumbwi. Kocha alinitazama tu, nikalipa. Anayeandaa safari ya namna hii asiokoe fedha hapo.

Nahodha alichukua kijiti cha mkoko, akakirusha majini karibu na gati, akatuambia tukitazame. Kijiti kilikwenda taratibu kuelekea bara. Maji yalikuwa yakijaa. "Siku hizi ni maji mafu," alisema, "hayana nguvu. Mngelikuja juma lililopita kwenye bamvua, hapo chini ya daraja mngelipiga mikono na mko palepale." Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wakati jua na mwezi vinapoyavuta maji pamoja, na tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita tatu. Maji mafu huja katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu. Daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka wa 1991 na kuipumzisha feri, limejengwa pale hori linapobanwa, na maji mengi yanapopita penye wembamba hayana la kufanya ila kukimbia.

Kocha aliwaeleza watoto kwamba hata mabingwa hawashindani na mkondo kwa nguvu. Katika Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, waogeleaji wa kilomita 10 katika mto Seine walipokuwa wakipanda mto walijibanza kwenye kuta za kingo, ambako maji huenda polepole, na walipokuwa wakishuka walirudi katikati. Mpango wetu ulikuwa wa namna hiyohiyo kwa kiasi chetu: kuanza upande wa bahari saa moja asubuhi ya Ijumaa maji yakiwa yanajaa, kupita chini ya daraja tukisukumwa na mkondo, na kumalizia mizunguko katika maji mapana ya ndani kabla ya saa nne, wakati maji yangekuwa yamejaa na kutulia.

Jaribio la jioni lilikuwa fupi. Kipimajoto cha kocha kilionyesha nyuzi 28. Msichana wa Umoja alimeza maji ya chumvi mara ya kwanza maishani mwake, akatoka na uso uliokunjamana, akauliza kama yote yako hivyo. Mpwa wangu aliguswa mkononi na yavuyavu, kiumbe laini wa baharini anayewasha, na alama nyekundu ikajitokeza kama mstari wa kalamu. Mke wa nahodha alitoka nyumbani na birika, akamwoshea kwa maji ya moto ya kiasi cha kuvumilika hadi maumivu yakapungua, huku akimsimulia habari za harusi ya binti yake, na nadhani hadithi ilisaidia sawa na maji.

Ijumaa: mvua

Usiku kulinyesha mvua ya kuvunja mabati. Alfajiri hori lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, vijiti na maganda ya nazi yakielea, na nahodha alisema hapana kabla hatujauliza. Mtu akiwa majini katika hali hiyo haoni gogo linalomjia, na aliye botini hamwoni mtu. Watoto walinuna. Sisi watu wazima tulishukuru kwamba tiketi za kurudi zilikuwa za Jumapili. Siku moja ya akiba si anasa kwa safari ya baharini, na nimeona makundi yanayopanga kufika jioni, kuogelea asubuhi na kuondoka mchana, kana kwamba bahari ni ofisi yenye saa za kazi.

Mchana, mvua ilipokatika, tulipanda kwenye magofu ya Mnarani, mji wa Waswahili wa kale ulio juu ya mwamba upande wa kusini wa hori, tukasimama kati ya misikiti iliyobomoka na mibuyu. Kutoka pale kocha aliwaonyesha njia nzima ya kesho na kuwapa alama za kutazama: daraja, mbuyu mmoja uliojitenga, paa moja la makuti, na bati jeupe ng'ambo. Kila mmoja aliziandika mkononi kwa kalamu. Chakula cha jioni kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, shilingi 350 sahani, na mvulana wa Kahawa West aliongeza.

Kuahirisha kulikuwa na gharama nyingine ambayo haikuandikwa daftarini. Maji huchelewa kila siku kwa kiasi cha dakika 50, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kuanza kwetu kulisogea hadi karibu saa mbili, na jua la Desemba halisubiri.

Jumamosi: kilomita tano

Walipakana mafuta ya mgando makwapani, shingoni na pale ukanda wa nguo unapogusa ngozi, kwa sababu chumvi na msuguano vikikutana kwa saa mbili huchubua kama msasa. Kofia zilikuwa za manjano. Kila mmoja alijifunga boya la machungwa kiunoni. Kipimajoto kilisema 29.

Huku kwetu watu hudhani kwamba hatari ya mchezo huu ni baridi, kwa sababu habari zinazosikika ni za Mfereji wa Uingereza, ambao Matthew Webb aliuvuka mwaka wa 1875 kwa saa 21 na dakika 45. Katika maji ya joto hatari ni joto lenyewe: mwili unafanya kazi kubwa, jasho halina pa kukaukia, na mwogeleaji hajui kwamba anachemka kwa kuwa amelowa. Mwaka wa 2010 Mmarekani Fran Crippen, bingwa aliyezoea masafa marefu, alifariki katika mbio za kilomita 10 huko Fujairah, na baadaye kanuni za kimataifa zikaweka nyuzi 31 kuwa kikomo. Kocha wetu anayo habari hiyo kichwani, nami nikiwa naye botini nilikuja kufahamu kwa nini.

Walianza vizuri. Mkondo uliwachukua, daraja likapita juu yao haraka kuliko walivyotarajia, na abiria wa matatu moja walitoa vichwa madirishani wakapiga mbinja. Mvulana wa Buruburu aliwaacha wenzake, kama ilivyotarajiwa, kisha akaanza kuchora mawimbi. Alikuwa akiinua macho kila baada ya kupiga mikono thelathini hivi, kwa haraka yake, na kila alipoinua alijikuta anatazama ng'ambo isiyo yake. Msichana wa Umoja, ambaye bwawani ni wa mwisho, aliinua macho kila baada ya mikono minane bila kukosa, akanyoosha kama uzi, na katika maji mapana akampita akiwa hana hata habari. Saa ya mkononi ya mvulana yule ilikuja kuonyesha kwamba aliogelea karibu kilomita sita. Alituonyesha mwenyewe, kwa hasira.

Chakula kilitolewa kila baada ya dakika 25. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Chupa ya uji mwepesi wa vuguvugu wenye glukosi hufungwa kwa kamba, hurushwa mbele ya mwogeleaji, naye hugeuka chali, hunywa huku akipiga miguu, kisha huiachia niivute. Haruhusiwi kugusa boti, kwa kuwa mashindanoni anayegusa ameondolewa, na kocha alitaka wazoee. Uji wa moto haunyweki na wa baridi huganda chupani. Ule uliobaki vuguvugu ndani ya chupa ya chai ndio uliokwisha. Vipande vya ndizi mbivu vilipendwa kuliko vyote, kwa sababu, mpwa wangu aliniambia baadaye, baada ya saa moja mdomo wote unakuwa chumvi na ulimi unavimba.

Wakati wa kunywa, kocha alimuuliza kila mmoja swali. Leo ni siku gani? Mama yako anaitwa nani? Nane mara saba? Nilidhani ni mzaha wa kuwachangamsha. Katika mlo wa tatu, mvulana wa Kahawa West alichelewa kujibu leo ni siku gani, akasema Ijumaa, akacheka, kisha akasema kichwa kinamgonga. Alikuwa na nguvu za kuendelea, mikono yake ilikuwa bado mizuri, na zilikuwa zimebaki kama mita 1,200. Kocha alisema, "Mwanangu, panda." Alikataa. Nahodha alizima mashine bila kuambiwa, mpwa wake akaleta mtumbwi upande wa pili, wakamtoa. Alifunikwa kwa leso iliyolowa, akapewa maji kidogo kidogo, na kwa nusu saa hakumsemesha mtu. Baada ya hapo alitaja siku kwa usahihi, na kuongeza kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo.

Naandika hili kwa urefu kwa sababu baadhi ya wazazi, waliposikia, waliuliza kwa nini asiachwe amalize wakati alikuwa karibu hivyo. Mimi nilikuwa pale, na ningemtoa mapema zaidi.

Wengine watatu walimaliza. Msichana wa Umoja alitumia saa moja na dakika 38, mpwa wangu akafuata dakika sita baadaye, na wa Buruburu akaja na kilomita yake ya ziada. Maji yalikuwa yanakaribia kusimama, na kijiti alichokirusha nahodha pembeni mwa boti kilizunguka mahali pamoja. Ufukoni mke wa nahodha alikuwa ametuwekea madafu kwenye ndoo, na mwanamume mmoja aliyekuwa akishona nyavu, ambaye hatukumjua wala hakutujua, aliinuka akampa kila mtoto mkono, akianza na yule aliyetolewa.

Jumapili: kurudi

Foleni ya Mtwapa ilikuwa ileile, tukaikuta treni ya alasiri kwa taabu, na Syokimau tulishuka usiku. Hakuna la kusimulia hapo isipokuwa kwamba mabega ya watoto yalikuwa yamechubuka kwa jua licha ya mafuta, na hakuna aliyeweza kubeba begi lake mgongoni.

Kwa hesabu ya daftari, kila kijana alitumia takriban shilingi 11,000, nauli, malazi, chakula na fungu la boti vikiwamo. Atakayetaka kufuata njia hii aanze na jedwali la maji kupwa na kujaa, achague juma la maji mafu, kisha ndipo akatafute tiketi, wala asianze na tiketi. Likizo ya Aprili siipendekezi kwa masafa haya, kwa kuwa hapo maji ya pwani huwa katika joto lake la juu na masika yako mlangoni. Agosti maji ni ya baridi zaidi, karibu nyuzi 25, lakini kusi huvuma na nje ya hori bahari huchafuka. Kocha amekwisha kumpigia nahodha simu kuhusu Agosti, naye amesema atajibu akishaona mwezi unavyoangukia, na kwamba yule mdogo aje amekwisha kunywa maji ya kutosha tangu Nairobi.